Mkanda wa Mtihani

Mkanda ulikatika kwenye kilo mia sita na kumi, na mkaguzi akadhani mashine imeharibika. Angefikiri hivyo mtu yeyote ambaye kwa miaka kumi na moja hajawahi kuona mkanda ukikatika chini ya elfu moja na mia tano. Aliizima, akaiwasha tena, akafuta kioo cha kipimo kwa upindo wa koti lake jeupe, kisha akaenda kwenye rundo la mikanda iliyokuwa ikisubiri kufungwa na kuchomoa mwingine kutoka katikati. Huo ukakatika kwenye mia tano na themanini. Wa tatu, mia sita na arobaini. Utepe wenyewe ulikuwa mzima. Kilichoachia ni mshono, na kila alipouvuta kwa kucha ulizidi kufumuka.

Mikanda hiyo ni ile wanayovaa mafundi wa majengo marefu, inayopita mabegani na mapajani na kufungwa kwa kamba kwenye chuma. Mtu wa kilo themanini akiteleza, ule mshtuko wa kukamatwa unazidi uzito wake mara nyingi. Ndiyo maana kiwanda kiliandika ukutani kilo elfu moja na mia tano, kwa rangi nyekundu, juu kabisa ya mashine ya kuvutia. Chini ya hapo, anayeteleza anaishia kufunikwa turubai.

Siku nyingine yoyote mkaguzi asingegusa rundo lile. Kuvuta mkanda ni kuuharibu, na mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Tajiri, alikuwa haoni raha mali nzuri ikiraruliwa mbele yake. Kwa hiyo kila fungu jipya lilikuwa na mkanda wake mmoja wa kuvutwa, ulioshonwa makusudi kwa kazi hiyo, na aliyeushona ni Mzee Nta, baba mkwe wa mkaguzi. Mzee alikuwa amestaafu, lakini heshima ile alibaki nayo. Alikuja mara mbili kwa mwezi na shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye kiti chake chenye mto, akapaka uzi nta kwa vidole, akashona mkanda mmoja tu huku mafundi wadogo wakisimama kumtazama. Kila mara ulivuta elfu moja na mia nane. "Mtu haendi kwenye mtihani na nguo za shambani," Tajiri alipenda kusema, na watu wakacheka, na hakuna aliyewahi kujiuliza mkanda ule ulikuwa unapima nini hasa. Hata mkaguzi hakujiuliza, na yeye ndiye aliyelipwa kwa kujiuliza.

Siku hiyo Mzee Nta alikuwa amekwenda kutazamwa jicho, na lori lilikuwa linasubiri mlangoni. Mkaguzi alivuta wa kwenye rundo ili tu asimcheleweshe dereva.

*

Mnunuzi wa kiwanda alikuwa mume wa mkaguzi. Walimwita Bei Poa, kwa kuwa hakuwahi kununua kitu bila kulalamika kwanza. Mwana ananunua uzi, baba anashona mkanda wa mtihani, mke anapiga muhuri: wafanyakazi walizoea kutania kwamba ubora wa kiwanda kizima unapikwa kwenye chungu kimoja. Mkaguzi alimkuta stoo, akihesabu visanduku vya pini.

"Uzi wa fungu hili umetoka wapi?"

"Kwa yule muuzaji mpya. Mbona umeushika huo mkanda kama umeshika nyoka?"

Aliilaza yote mitatu mezani, akampa namba zake. Bei Poa hakuuliza mara mbili. Alimjua mke wake, na alijua kwamba mashine haina sababu ya kumsingizia mtu. Alivuta faili, akapekua karatasi kwa kidole kilichoanza kuloa jasho, akatoa cheti cha ubora kilichopigwa muhuri mviringo.

"Hiki hapa. Uzi wake una cheti."

Mkaguzi alikisoma chote, mpaka maandishi madogo ya chini. "Hiki ni cha uzi mweusi. Sisi tunashonea mweupe."

"Uzi ni uzi, mama."

"Na ni kopi ya kopi. Tarehe haisomeki. Sampuli alileta?"

"Alileta rili moja. Nzuri sana, nimeivuta kwa mikono hii nikajikata kidole."

"Rili moja aliyoichagua yeye. Ulifika kwake ukaona anakotengeneza?"

"Nifike kwa nauli ya nani?" Sauti ya Bei Poa ilipanda. "Tajiri alisema bei ya uzi ishuke kwa robo kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo atafute mnunuzi mwingine. Nikauliza huku na huku, huyu akakubali. Katoni zikaja, nikazihesabu, zikatimia. Kazi yangu ni kuhesabu na kusaini. Kupima si kazi yangu, kupima ni kwako."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomuuma. Kanuni ya zamani iliyobandikwa mlangoni mwa stoo ilisema uzi wa muuzaji mpya uvutwe rili tatu kutoka katoni tatu tofauti kabla haujaingia kiwandani. Karatasi yenyewe ilikuwa bado ipo, imefunikwa na kalenda. Mkanda wa Mzee ulipozoeleka, watu waliona hakuna haja ya kupima kitu mara mbili.

"Fungu la kwanza la uzi huu lilishona nini?" aliuliza, ingawa wote wawili walijua. Mikanda mia tatu na arobaini, iliyopelekwa wiki tatu zilizopita kwenye lile jengo la ghorofa kumi na nne.

"Lile lilipita," Bei Poa akawahi. "Mkanda wa baba ulivuta elfu moja na mia nane. Wewe mwenyewe uliandika."

"Niliandika."

"Basi. Pengine mbovu ni hizi katoni za mwisho tu."

Alitaka iwe hivyo kwa moyo wake wote. Mkaguzi naye alitaka. Alibandika kadi nyekundu kwenye rundo, akamrudisha dereva wa lori mikono mitupu, akarudi nyumbani akiwa ameshikilia neno lile "pengine" kama mtu aliyeshika chenji ya mwisho sokoni.

*

Jua lilikuwa halijazama walipokaa kula. Mzee Nta alikuwa na pamba juu ya jicho la kushoto, na alikuwa mchangamfu, maana daktari alimwambia jicho litapona.

"Baba," mkaguzi alisema, "ule mkanda wa mtihani wa mwezi uliopita, uliushonea uzi upi?"

"Uzi wa kushonea mikanda."

"Ule mpya, wa kwenye katoni?"

Mzee alicheka mpaka pamba ikamcheza. "Ule? Mwanangu, ule ni utani. Ukipita kwenye sindano unatoa manyoya. Nilianza nao, nikaona utaniaibisha mbele ya watu. Nina rili yangu ya zamani ndani ya boksi, nikatumia hiyo. Mkanda ukatoka safi. Au hukuuona?"

Bei Poa alirudisha tonge sahanini.

"Baba, ulijua uzi ni mbovu na hukusema?"

"Nimwambie nani?" Mzee alimtazama mwanawe kwa jicho moja, na uchangamfu ukaanza kumtoka. "Aliyeununua ni wewe. Nisimame katikati ya kiwanda niseme mwanangu kanunua takataka? Nilijua mkaguzi ataona. Kazi yake ndiyo hiyo." Akamgeukia mkwewe. "Wewe si unavuta?"

"Nilikuwa navuta mkanda wako, baba."

Mzee alikuwa fundi kwa miaka arobaini, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikaa akitazama mikono yake iliyokuwa bado na mchuzi, na midomo ikaanza kutembea bila sauti.

"Ile mia tatu na arobaini," alisema mwishowe.

"Watu wameivaa. Wiki ya tatu hii."

Bei Poa aliinuka, akafunga dirisha kana kwamba jirani angewasikia, akabaki amesimama nalo mgongoni. "Tusikurupuke. Nipeni wiki mbili. Nitatafuta uzi mzuri, tutashona mingine, tutawaambia kuna mtindo mpya tunabadilisha bure. Kimya kimya. Hakuna atakayeaibika."

"Wiki mbili ni siku kumi na nne," mkewe akamwambia. "Wao wanapanda kila asubuhi saa moja."

"Mpaka leo kuna aliyeanguka?"

"Unasubiri aanguke?"

"Unajua watanifanya nini mimi? Wataniita mwizi! Watasema nimekula na muuzaji!"

"Umekula?"

"Miaka kumi na minne ya ndoa, na unaniuliza hilo mbele ya baba yangu."

"Nakuuliza kwa sababu nitaulizwa, na itabidi nijibu."

"Sijanywa hata maji yake."

Alimwamini. Alimwamini na akamwonea huruma, na pia alimkasirikia, kwa sababu mwizi angekuwa rahisi zaidi kumshughulikia kuliko mtu mwema aliyehesabu katoni na kusaini. Mzee Nta alikuwa ameshanawa mikono. Alisema kesho atavaa shati lake na kwenda nao kwa Tajiri, na hakuna aliyethubutu kumwambia abaki.

*

Tajiri aliwasikiliza akiwa amesimama. Aliinua mikanda iliyoraruka mmoja baada ya mwingine, akaipima uzito mkononi.

"Mitatu," alisema. "Umeniharibia mitatu?"

"Tajiri, tatizo ni ile iliyoko nje."

"Ile ya nje ina karatasi?"

"Ina."

"Karatasi ina saini?"

"Yangu."

"Basi ilipita."

"Haikupita," mkaguzi alisema. "Kilichopita ni uzi wa zamani wa baba. Ule wa kwenye mikanda haujavutwa na mtu yeyote mpaka jana."

Hapo Mzee Nta akaeleza mwenyewe, kwa ufupi, bila kujitetea. Alisema aliona aibu ya mwanawe kabla hajaona roho za watu, na kwamba kosa ni lake. Tajiri alimsikiliza akigonga meza kwa kalamu. Alikuwa mtu wa kuzima taa mchana na kugeuza karatasi kuandika upande wa pili, na kiwanda chake hakikuwahi kulala na deni. Alikuwa anaogopa, lakini alikuwa na njia moja tu ya kuogopa.

"Mzee, nilikupa kiti ndani ya kiwanda changu."

"Ulinipa."

Tajiri alimgeukia Bei Poa. "Katoe hicho kiti nje."

Bei Poa alimtazama baba yake, kisha akatoka. Kupitia kioo cha ofisi walimwona akikinyanyua kiti na kukipitisha katikati ya cherehani thelathini, na cherehani zikanyamaza moja moja, mpaka ikasikika miguu yake tu. Mto ulidondoka. Mshonaji mmoja aliinama, akaukung'uta vumbi, akaurudisha juu ya kiti bila kumtazama usoni. Mzee Nta alitazama yote hayo akiwa amenyooka kama anapigwa picha.

"Sasa sikilizeni," Tajiri alisema kwa sauti ya chini. "Hii mpya ibaki na kadi nyekundu. Ile ya kwenye jengo nitaishughulikia mimi, wakishanilipa mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi ni siku kumi na tisa."

"Najua kuhesabu. Ukitoka na maneno haya nje ya geti, usirudi."

Mkaguzi alitaka kuutua muhuri wake mezani kwa kishindo, kama wanavyofanya watu kwenye michezo ya redio. Lakini muhuri ulinasa kwenye bitana ya mfuko wa koti, ikabidi avute kwa mikono miwili, na ulipotoka ukaacha doa la wino kwenye kidole chake. Aliuweka taratibu. Alimshika mkwewe mkono wakatoka, na nje wakamkuta Bei Poa amekaa juu ya kile kiti, karibu na mapipa ya takataka, kama abiria aliyeachwa.

"Njoo twende," mkewe akamwambia.

"Nendeni," alijibu. "Mimi siwezi kuwatazama watu wale."

*

Mlinzi wa jengo aliuliza kama wana miadi. Hawakuwa nayo. Aliwaonyesha rundo la matofali, akasema wakae pale, msimamizi yuko juu.

Walikaa. Kila kitu kilikuwa kinaendelea: mashine ya zege ikizunguka, winchi ikilia, watu wakiitana kwa miluzi. Juu kabisa, pembeni mwa ghorofa ya kumi na mbili, mikanda ya rangi ya chungwa ilionekana wazi, ikisogea na wenye kuivaa. Waliichagua rangi ile ili ionekane kwa mbali.

"Jicho langu moja halitoshi," Mzee Nta alisema. "Yule wa pembeni, amesimama?"

"Ameegemea nyuma, baba. Anafunga nondo."

"Ameegemea nini?"

"Mkanda."

Mzee aliinamisha kichwa, hakukiinua tena. Mkaguzi yeye hakuweza kuacha kutazama. Aliona kama akipepesa macho tu yule mtu atatoweka pale alipo. Zilipita dakika arobaini namna hiyo. Alimwendea mlinzi mara tatu, na mara ya tatu mlinzi akamwambia, "Mama, kama ni kuuza chakula, sehemu ya kuuzia ni upande ule."

Hapo alipiga kelele. Aliinua uso na kupiga kelele kama mtu aliyeibiwa, "Shukeni! Shukeni, mikanda ni mibovu!" na watu walio karibu wakageuka kumcheka, na walio juu hawakusikia. Lakini msimamizi alisikia. Alitokea akiwa na kofia ngumu kwapani na hasira tayari usoni, na mkaguzi akamwambia yote kwa sentensi mbili. Msimamizi hakusubiri ya tatu. Alipuliza filimbi, akaendelea kuipuliza mpaka mtu wa mwisho alipokanyaga chini.

Walivuliwa mikanda kwenye mstari. Kila mmoja ulikuwa na namba yake kwenye kitambaa cheupe mgongoni, na mkaguzi aliziandika mgongoni mwa risiti, maana daftari lake lilibaki kiwandani. Wanaume wale walikuwa na utani mbaya wa watu waliokwepa jambo ambalo hawajalielewa vizuri.

"Mama, mlikuwa mnapima au mnapiga ramli?"

"Na leo atatulipa nani, sisi vibarua?"

Mmoja, kijana mwenye ndevu chache, hakutania. Aliutupa mkanda miguuni pa Mzee Nta. "Jana nimening'inia na hiki saa nzima," alisema. "Nina watoto wawili." Mzee aliuokota, akaukunja vizuri, akauweka juu ya mingine. Aliokota na kukunja yote namna hiyo, mpaka saa saba.

Ilitimia mia tatu na thelathini na tisa.

Walihesabu upya, na msimamizi akafungua kitabu cha kugawia vifaa. Uliokosekana ni namba mia mbili na kumi na saba. Aliyeusainia ni fundi mmoja mwembamba waliyemwita Kinyonga, kwa kuwa alipanda polepole na hakuwahi kuteleza.

"Kinyonga alihama siku kumi zilizopita," wenzake walisema. "Kapata kazi kwingine."

"Akaenda na mkanda?"

"Alisema mkanda mzuri kama ule mtu hauachi."

"Kwingine ni wapi?"

Mafundi wa juu hawaagani kwa anwani. Simu yake, walipoipiga, haikupatikana, na haikupatikana siku ile wala siku zilizofuata.

*

Tajiri aliachana nao wote watatu kwa barua moja, kuokoa karatasi. Bei Poa alitafuta kazi kwenye stoo za watu, na kila alikofika habari ilikuwa imemtangulia. Hawakumtukana. Walimkaribisha kiti, wakamuuliza wakitabasamu, "Ndugu, tuambie kweli, ulipata kiasi gani?" Akawa anarudi mapema zaidi kila siku. Mkaguzi alipata kazi ya kukagua vifungo kwenye karakana ya mashati, kazi ambayo kosa lake kubwa ni mtu kubaki kifua wazi.

Mzee Nta hakutafuta kazi. Alishona mkanda mpya, akaupeleka karakana ya mashati kumwonyesha mkwewe mshono, akautia kwenye mfuko ili abadilishane na Kinyonga akimpata, na kuanzia siku ile akawa anatoka kila asubuhi kwenda popote palipokuwa na jengo linalopanda. Aliwaomba mafundi wageuke awatazame mgongoni. Wengine walimpa migongo yao kwa heshima ya mvi zake, wengine walimwita mwendawazimu. Aliporudi, mkwewe alimtazama usoni kabla ya kumwamkia, na yeye akatikisa kichwa, na wakaingia ndani. King'ora kikipita barabarani wote watatu waliacha kula, au kuongea, au kufagia, mpaka kikapotea. Hakuna aliyesema wanasikiliza nini.

Wiki ya saba, asubuhi ya Jumamosi, fundi rangi mmoja aliyemfahamu Bei Poa alipita mlangoni. Alisema mtu ameanguka jana jioni kwenye ghala jipya, upande wa pili wa reli. Mkanda umekatika. Yuko hospitali, chumba cha maiti.

"Anafananaje?" Bei Poa aliuliza.

"Sijamwona. Wanasema mwembamba, fundi wa juu."

Mzee alikuwa ameshatoka. Bei Poa alivaa viatu, akafunga kamba, akakaa kitandani, na hapo akashindwa kuinuka. "Nenda wewe," alisema. "Nakuomba. Nikiuona ule mkanda, sitatoka pale." Alikuwa analia waziwazi, na mkewe hakuwa na muda wa kumfariji.

Alikwenda kwa miguu, nusu akikimbia. Njiani aliomba mambo ambayo mtu hapaswi kuomba. Aliomba marehemu awe mtu mwingine, yeyote yule, awe na mama na wake na watoto, ilimradi asiwe na namba ile mgongoni.

Kwenye ukumbi wa hospitali, nje ya mlango wenye kitasa cha chuma, mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi, viatu mkononi, akitazama sakafu. Mhudumu alikuwa mezani na mfuko wa nailoni mbele yake, vitu vya marehemu vikisubiri polisi.

"Naomba kuona mkanda," mkaguzi alisema.

"Wewe ni nani wake?"

"Ndugu," alijibu, na uongo ukatoka laini kuliko alivyotarajia.

Mhudumu aliuinua mfuko mpaka kwenye mwanga wa dirisha. Mkanda ulikuwa wa bluu.

Bluu. Wao hawakuwahi kushona wa bluu. Furaha ilimpanda mkaguzi kutoka miguuni, furaha nzima, ya mtu aliyefunguliwa minyororo, ikamjaa kifuani ikafika mdomoni kabla hajaizuia. "Asante Mungu," alisema kwa sauti. "Asante Mungu, si wetu."

Alipogeuka, yule mwanamke alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa dada wa marehemu. Walifanana, alikuja kugundua baadaye, kwa kuona picha kwenye kitambulisho kilichokuwa mfukoni.

"Unafanya kazi naye?"

"Hapana, dada."

"Ulimfahamu kaka yangu?"

"Hapana." Ingekuwa rahisi kudanganya tena. "Mimi nilikuwa mkaguzi wa mikanda. Kuna mmoja wetu mbovu umepotea. Nilikuja kutazama kama ndio huu."

"Na siyo."

"Siyo huu. Pole sana, dada. Pole."

Yule mwanamke aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeelezwa njia ya mji asioujua. Hakuonyesha hasira, na hasira ingemsaidia mkaguzi. Aliutazama mfuko, kisha akamtazama tena.

"Wa huyu ulikatikia wapi?"

Miaka kumi na moja mkaguzi alikuwa ameulizwa swali hilo na kulijibu kabla halijaisha. Alikuwa ameukazia macho mkanda ule kwa dakika nzima, na alichokiona ni rangi peke yake.

"Sijaangalia," alisema.

Dada wa marehemu aliweka viatu chini, akauchukua mfuko kutoka kwa mhudumu, ambaye hakumzuia, akampa.

"Basi niangalizie," alisema. "Wewe unajua. Sisi kwetu hakuna anayejua."

Mkaguzi alikaa naye kwenye benchi, akaufungua mfuko, akaanza kuutafuta mshono.